i++ na ++i: Uliza Inakabidhi Nini

Kwa wengi wetu hapa Minneapolis na Saint Paul, somo la kwanza la programu huja usiku. Zamu ya nyumba ya wazee au ya ghala imeisha, watoto wamelala, ndipo unafungua kompyuta na kuendelea na Java ya chuo cha jamii. Mambo huenda vizuri hadi wiki ya vitanzi. Hapo zinatokea alama mbili, i++ na ++i, pamoja na maelezo ambayo karibu kila mwanafunzi hupewa: ya kwanza "hutumia kisha huongeza", ya pili "huongeza kisha hutumia". Maelezo hayo ni mafupi na yanakaririka upesi. Nashauri uyaache. Yanawakosesha alama wanafunzi wazuri, na yanawakeshesha watu wakitafuta kosa wasiloliona.

Shida iko kwenye neno "kisha". Ukisikia "hutumia kisha huongeza", unadhani ile moja inasubiri mahali mpaka mstari mzima uishe. Katika Java na JavaScript haisubiri. Inaongezwa papo hapo, alama inaposomwa, katika namna zote mbili. Kinachotofautiana ni thamani ambayo alama inaikabidhi kwa jirani yake: ++i inakabidhi namba mpya, i++ inakabidhi nakala ya namba ya zamani. Swali la kujiuliza kila mara, basi, ni hili: inakabidhi nini?

Usiniamini kwa maneno tu. Fungua Chrome kwenye kompyuta yako, au ile ya bure kwenye maktaba ya Brooklyn Park kama wameiruhusu kazi hii. Kwa kompyuta ya Windows, bonyeza Ctrl, Shift na J kwa pamoja. Patatokea sehemu ya kuandikia, nayo ni konsoli ya JavaScript. Kwa jambo hili JavaScript na Java zinafuata kanuni moja, na huhitaji kusakinisha kitu. Andika mistari hii mmoja mmoja, kila mmoja ukibonyeza Enter:

let x = 5
x++
x
++x
x

Mstari wa kwanza utajibiwa undefined, uache. Mstari wa x++ utajibiwa 5. Ukiuliza x tu, utaambiwa 6. Halafu ++x itajibu 7, na x baada yake ni 7. Tazama ile 5 kwa makini. Konsoli haikukuonyesha kilichomo ndani ya x, kwa sababu wakati huo x ilikwisha kuwa 6. Ilikuonyesha kile ambacho x++ ilikabidhi.

Sasa jaribio linaloamua ubishi wote. Andika x = 5, bonyeza Enter, halafu andika:

x++ + x

Jibu ni 11. Kama kuongeza kungesubiri mwisho wa mstari, tungepata 5 na 5, yaani 10. Upande wa kushoto ulikabidhi 5 na papo hapo x ikawa 6, kwa hiyo upande wa kulia ulikuta 6. Mtu akikuambia tena kwamba i++ huongeza "baadaye", mwonyeshe mstari huu.

Kwenye karatasi, chora safu tatu: alama, inakabidhi, kigeu sasa. (Kigeu ni lile jina linalobeba thamani inayoweza kubadilika.) Kila ukikutana na plasi plasi (++), jaza mstari mmoja kabla ya kusonga mbele. Ni kazi ya kuchosha, najua, hasa saa tano usiku. Lakini mwanafunzi anayejaza safu hizo huona kosa lake kwa macho, na yule anayehesabu kichwani hubahatisha.

Tuone pale ambapo tofauti inauma. Chukua vituo vya treni ya Green Line, ile iliyoanza kuunganisha miji hii miwili mwaka 2014, kuanzia West Bank ukielekea Saint Paul:

String[] vituo = {"West Bank", "East Bank", "Stadium Village", "Prospect Park"};
int i = 0;
System.out.println(vituo[i++]);

Hapa utaona West Bank. Alama ilikabidhi 0, na kituo namba 0 ndicho hicho. Kigeu i sasa ni 1, tayari kwa East Bank. Badilisha mstari wa mwisho uwe vituo[++i], i ikiwa imeanzia 0 tena, na utaona East Bank. West Bank imerukwa kabisa. Programu haikulalamika, kompaila haikutoa onyo, na abiria wa mtaa wa Cedar-Riverside anayepandia West Bank hayumo kwenye orodha. Ukizunguka na ++i ndani ya mabano hayo kwa orodha nzima, mwishowe utaomba kituo namba 4, ambacho hakipo, na Java itasimama kwa ArrayIndexOutOfBoundsException. Wanaoanza huhangaika na mwisho wa orodha kwa sababu ndiko kosa linakopiga kelele, kumbe lilianzia mwanzoni.

Kitanzi cha while kina mtego uleule. Ukiwa na int i = 0, kisha while (i++ < 5), ndani ya kitanzi utaona i ikiwa 1, 2, 3, 4, 5, yaani mizunguko mitano, na ukitoka i ni 6. Ukiandika while (++i < 5) utaona 1, 2, 3, 4, yaani mizunguko minne, na ukitoka i ni 5. Sababu ni ileile: kinacholinganishwa na 5 ni thamani iliyokabidhiwa, si ile iliyobaki ndani ya i. Jaza safu zako tatu kwa mizunguko miwili ya kwanza na miwili ya mwisho. Ya katikati itajieleza.

Kwenye for ya kawaida, kwa upande mwingine, hakuna tofauti yoyote:

for (int i = 0; i < 5; i++)
for (int i = 0; i < 5; ++i)

Zote huzunguka mara tano, i ikianzia 0 hadi 4. Sehemu ile ya tatu inasimama peke yake, haina jirani wa kumkabidhi kitu, kwa hiyo thamani inatupwa. Wapo wanaosema ++i ni ya kasi zaidi. Kwa namba za kawaida kompaila za leo hutoa kitu kilekile. Hoja hiyo ina uzito kwenye C++, unapotembeza itareta nzito (kitu cha kupitia orodha kipengele kimoja kimoja) ambayo nakala yake ina gharama. Huko zoea ++i. Kwenye Java ya mwaka wa kwanza, andika ile ambayo darasa lako linaandika.

Kosa moja nataka ulijue kwa sura:

i = i++;

Mtu anafikiri amesisitiza. Katika Java, i haitabadilika kamwe. Tuseme i ni 3. Alama inahifadhi nakala ya 3, inaifanya i kuwa 4, halafu inakabidhi 3. Ishara ya sawasawa inapokea 3 na kuirudisha ndani ya i, juu ya ile 4. Weka mstari huo ndani ya while (i < 10) na programu itazunguka mpaka uizime. Dawa yake ni kufuta nusu ya mstari: i++ peke yake inatosha.

Kuna pia maswali ya mtihani na ya usaili wa kazi, kama int x = 5; int y = x++ + ++x;. Katika Java jibu lipo na ni moja, kwa sababu lugha imeahidi kuhesabu kutoka kushoto kwenda kulia: kushoto inakabidhi 5 na x inakuwa 6, kulia x inakuwa 7 na inakabidhi 7, y ni 12. Katika C mstari uleule hauna jibu halali. Kanuni za C haziahidi upande upi utangulie, na kubadilisha kigeu kimoja mara mbili namna hiyo kunaiachia kompaila ifanye itakalo. Kompaila mbili zikikupa majibu mawili, zote ziko sahihi. Ukiulizwa swali hilo kwa C, jibu la mtu anayejua ni kusema kwamba halina jibu, na kueleza kwa nini.

Alama zenyewe zina zaidi ya miaka 50. Ken Thompson alizibuni Bell Labs alipokuwa akitengeneza lugha ya B, enzi za kompyuta ya PDP-7 yenye kumbukumbu ndogo mno. Dennis Ritchie, aliyejenga C juu ya B, aliandika baadaye kwamba huenda kilichomvutia Thompson ni kuona tafsiri ya ++x inatoka fupi kuliko ya x = x + 1. Kutoka C zikarithiwa na C++, kisha Java na JavaScript mwaka 1995. Turudi nyuma kidogo: hapa Minneapolis, mwaka 1971, vijana watatu waliokuwa wakisomea ualimu, Don Rawitsch, Bill Heinemann na Paul Dillenberger, waliandika mchezo wa The Oregon Trail kwa BASIC, lugha isiyo na plasi plasi. Kwenye BASIC, kuongeza moja ni kuandika X = X + 1 kwa kirefu. Mchezo ule ulikuja kusambazwa na MECC, shirika la kompyuta za elimu la Minnesota lililoundwa mwaka 1973, ukaingia madarasa ya Marekani nzima. Nalitaja hili kwa sababu wanafunzi wengi huona aibu kuandika kwa kirefu. Hakuna aibu hapo.

Lugha kadhaa nyingine zimeamua hivyohivyo. Swift iliziondoa alama hizi katika toleo la 3, mwaka 2016. Go haina ++i; imebakiza i++, tena kama amri inayosimama peke yake. Huwezi kuichomeka ndani ya hesabu nyingine. Python haina. Na hapa wanaohama kutoka Java wawe macho: x++ kwenye Python itakataliwa mara moja, lakini ++x itapita bila kosa na haitaongeza chochote, kwa kuwa Python inaisoma kama alama mbili za chanya zilizofuatana. Andika x += 1.

Ushauri wangu kwa msimbo unaouandika mwenyewe: ipe plasi plasi mstari wake. Kanuni za MISRA C, zilizoanzia kwenye programu za magari mwaka 1998, nazo zinashauri isichanganywe na mambo mengine yanayobadilisha vigeu katika usemi mmoja. Anayetamani kazi ya vifaa vya tiba, ambavyo miji hii ina historia navyo tangu Earl Bakken wa Medtronic alipotengeneza kisisimua moyo cha betri mwaka 1957, ajizoeze mapema kuandika msimbo ambao mwenzake atausoma mara moja na kuuelewa. Kuwa mwangalifu zaidi na && ndani ya if. Katika if (wazi && i++ < 5), kama wazi ni false, upande wa kulia hausomwi kabisa, na i inabaki ilivyo.

Mahali pamoja ninapoiruhusu ndani ya usemi ni kujaza orodha: majina[idadi++] = jina;. Inakabidhi nafasi iliyo wazi, na idadi inasogea kuonyesha inayofuata. Waandishi wengi wa C na Java wanaitambua, na ukiivunja iwe mistari miwili hutapoteza kitu.

Kabla ya kulala, fanya hili kwa kalamu, kisha ulihakiki kwenye konsoli ukiweka let mahali pa int:

int a = 3;
int b = a++ * 2 + a;
int c = ++a * 2 + a--;

Alama ya -- inafuata kanuni ileile, ila inapunguza moja. Ukipata b ni 10, c ni 15, na a imerudi kuwa 4, endelea na sura inayofuata. Ukipata b ni 9, bado unaisubirisha ile moja hadi mwisho wa mstari. Rudi kwenye x++ + x.