Dondoo muhimu: Kusahihisha kazi za mwaka wa mwisho, idara mbalimbali

Kabla ya kugawana marundo, keti na wenzako wa idara nyingine msahihishe kazi tatu zilezile, kila mtu peke yake, bila kuandika alama kwenye karatasi. Kisha linganisheni. Mkipishana kwa alama 15, msitafute wastani mkaondoka; ulizaneni kila mmoja ameona nini. Mara nyingi ugomvi ni uleule: mhandisi amekata alama kwa kuwa jibu limechelewa hadi ukurasa wa nane, ilhali mwanahistoria ameifurahia njia iliyofikisha huko. Wote wawili wana haki. Kwa hiyo mwongozo wa usahihishaji uwe na sehemu mbili: ya wote (hoja, ushahidi, mpangilio) na ya fani, ambayo idara husika ndiyo yenye kauli.

Marejeo yasiwagombanishe. Anayefuata mtindo wa Vancouver, kama wengi wa udaktari, huweka namba tu. Wa sheria hujaza tanbihi. Wa elimu akitumia APA huandika jina na mwaka. Pima kama ameshika utaratibu mmoja, si kama ameshika wako.

Soma kurasa mbili nzima ndipo uguse kalamu nyekundu. Ukianza kuzungushia kila kosa la sarufi, hoja itakupita (yamenikuta, tena si mara moja).

Majina yafichwe. Ukimaliza rundo, rudia kazi mbili za mwanzo: usiku wa manane mkono huwa mzito kuliko asubuhi.