Chumba Kimoja, Mikataba Mitatu

Msomaji wetu wa Tabata, Dar es Salaam, ni mwalimu aliyehamishiwa mjini mwaka huu. Ametuandikia barua ndefu na kuambatisha picha za karatasi zote. Kwa wiki kadhaa alizungushwa na madalali, kila mmoja akidai elfu kumi ya kuonyeshwa kabla hajanyanyua mguu. Chumba kizuri akikifikia, anaambiwa kimechukuliwa asubuhi ile ile. Mwisho akapelekwa kwenye chumba na sebule, choo ndani, luku ya kujitegemea, laki moja na nusu kwa mwezi. Dalali akamnong'oneza kwamba kuna wengine wako njiani na hela mkononi. Akalipa jioni hiyo hiyo: kodi ya miezi sita, 900,000, na mwezi mmoja wa dalali, 150,000. Mkataba ulichapwa steshenari na kugongwa muhuri wa serikali ya mtaa.

Siku ya kuhamia alikuta kirikuu mbili mlangoni zimesheheni vyombo, na wenye vyombo hivyo wameshika mikataba ya chumba kile kile. Aliyesaini kama mwenye nyumba alikuwa mpangaji anayemaliza muda wake. Polisi wakamwambia hayo ni madai, aende mahakamani. Mwenyekiti wa mtaa akamwandalia karatasi ya makubaliano: dalali na yule mpangaji watamrudishia laki moja kila mwezi mpaka iishe. Anauliza kama asaini.

Dada yangu, usisaini.

Karatasi hiyo ndiyo mtego unaowanasa watu wengi kuliko hata chumba chenyewe. Ukiisaini, umeandika kwa mkono wako kwamba wale wawili ni wadeni wako. Watalipa laki ya kwanza, pengine na ya pili, kisha simu zitaacha kupokelewa. Ukirudi kituoni, askari ataisoma karatasi yako na kukwambia: mlishaelewana, hili ni deni, nenda ukadai. Nimewaona watu wengi wakikwama hapo, na mara nyingi aliyewashauri wasaini ni kiongozi wa mtaa anayemjua dalali vizuri zaidi kuliko anavyomjua mlalamikaji.

Sasa turudi kwa polisi. Kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kinamhusu mtu anayejipatia mali kwa udanganyifu akiwa na nia ya kulaghai, na adhabu yake ni kifungo cha hadi miaka saba. Askari anayemrudisha nyumbani mtu aliyetapeliwa kwa kumwambia "hayo ni madai" anajua kifungu hicho kipo. Jambo moja linaweza kuwa jinai na madai kwa wakati mmoja, na mahakama ikimtia mtu hatiani, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inairuhusu kuamuru alipe fidia. Kwa hiyo kwenda polisi hakukunyimi fedha zako.

Ila namna unavyolieleza jambo lako kaunta ina uzito mkubwa. Wengi hufika wakisema, "Aliniahidi chumba hakunipa." Ahadi isiyotimizwa ni rahisi kuiita madai. Sema kilichotokea: "Aliniambia nyumba hii ni yake, na haikuwa yake. Kwa maneno hayo nikampa fedha." Huo ni uongo kuhusu jambo lililokuwepo siku hiyo, na wewe umeushika kwa maandishi, una sahihi yake chini ya neno "mwenye nyumba". Omba maelezo yako yaandikwe, upewe RB. Mkuu wa kituo akikataa, panda kwa mkuu wa polisi wa wilaya. Huduma hiyo hailipiwi, na askari anayekuomba hela ya mafuta ili akamkamate mtu anaomba rushwa. Simu ya bure ya TAKUKURU ni 113.

Na usiende peke yako. Wale wawili wenye kirikuu uliwaona kama washindani wako wa chumba, lakini ndio mashahidi wako wakubwa. Kitu kigumu kuthibitisha katika kosa hili ni nia ya kulaghai, kwa sababu mtuhumiwa mmoja na mlalamikaji mmoja ni neno kwa neno. Atasema mipango ilikwama, atasema alipitiwa. Mikataba mitatu ya chumba kimoja, iliyosainiwa na mkono mmoja, inamfungia njia hiyo. Nendeni watatu, kila mmoja na mkataba wake na ujumbe wa muamala wa simu. Ujumbe huo ni ushahidi unaokubalika mahakamani chini ya Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, basi usiufute, na usibadilishe simu kabla hujauhifadhi.

Kuhusu dalali. Huyu atajitetea kwamba yeye ni mtu wa kati tu, naye alidanganywa. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, haimwachii kirahisi hivyo. Anayejifanya wakala wa mtu ambaye hakumtuma anawajibika kumfidia aliyemwamini. Na hata wakala wa kweli, kama hakuna makubaliano mengine, hastahili ujira mpaka kazi aliyopewa ikamilike. Kazi ya dalali ni kukupatia chumba unachoweza kuingia na kulala. Ufunguo usiofungua chochote si kazi iliyokamilika, hivyo ile laki moja na nusu yake idai pamoja na kodi. Kwa upande wa madai Mahakama ya Mwanzo inakutosha: kesi inasikilizwa kwa Kiswahili, na huhitaji wakili. Ukitaka mkono wa kukuongoza, wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 hawatozi ada.

Hapa niseme jambo ambalo wapangaji wamelizoea mpaka wanadhani limeandikwa mahali. Ile desturi ya mpangaji kumlipa dalali mwezi mzima haitokani na sheria. Kwa kanuni za uwakala, wakala hulipwa na aliyemtuma. Dalali aliyetumwa na mwenye nyumba kumtafutia mpangaji anamfanyia kazi mwenye nyumba, na pale mambo yanapoharibika hataona sababu ya kukutetea wewe uliyemlipa.

Muhuri wa mtaa nao umewaponza wengi. Muhuri ule unaonyesha kwamba watu fulani walifika ofisini wakasaini. Hausemi nyumba ni ya nani. Mwenyekiti aliyegonga mikataba mitatu ya chumba kimoja ana maswali ya kujibu, na mkihojiwa msiogope kumtaja. Kama alitoza fedha, dai risiti ya serikali yenye namba ya malipo. Ikikosekana, fedha hiyo iliingia mfukoni mwake.

Kwa wanaotafuta nyumba sasa hivi, hati miliki msiitegemee sana, kwa kuwa mitaa mingi yetu haina hati. Waulizeni wapangaji wa chumba cha pili wanamlipa nani kodi. Swali hilo moja lingemwokoa mwalimu wetu. Nunueni luku ya elfu moja kwenye mita ile mlione jina linalotokea. Likiwa la marehemu, ulizeni nani msimamizi wa mirathi, maana mtoto mmoja kati ya sita hana mamlaka ya kupangisha nyumba ya urithi peke yake kwa kuwa tu ndiye anayeishi pale. Kisha lipeni kwa simu au benki kwa jina lile lile lililo kwenye mkataba. Anayesisitiza umtumie kwa namba ya shemeji yake, mwacheni na chumba chake. Najua ni rahisi kusema hivyo kuliko kutenda, ukiwa umeshachoka na siku za kulala kwa jamaa zimekwisha. Haraka hiyo ndiyo wanayoifanyia biashara.

Lakini kosa lote si la mtafutaji. Hadi mwaka 2005 tulikuwa na Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba ya mwaka 1984, yenye mabaraza ambako mpangaji aliweza kulalamika. Ilikuwa na kasoro, na waliosema inawakatisha tamaa wanaojenga nyumba za kupangisha walikuwa na hoja. Ikafutwa, na mahali pake hapakuwekwa sheria nyingine ya kodi za nyumba. Tumebaki na sura ya upangaji katika Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, inayotazama ghala la Pugu Road na chumba cha Tabata kwa jicho moja. Inaruhusu upangaji wa mwaka mmoja au pungufu kufanyika hata kwa mdomo, na haisemi mwenye nyumba adai kodi ya miezi mingapi mbele. Hata kodi ya jengo, mzigo wa mwenye nyumba, tangu Agosti 2021 inakatwa kwenye luku anayoinunua mpangaji.

Piga hesabu ya barua hii. Kama sheria ingeweka kikomo cha mwezi mmoja mbele, mwalimu huyu angepoteza 300,000, na dalali yake ikiwemo. Amepoteza 1,050,000. Kodi ya miezi sita kwa mkupuo ndiyo inayoufanya utapeli huu ulipe. Wizara ya Ardhi imekuwa ikizungumzia sheria ya kusimamia sekta ya milki kwa miaka mingi, na miaka yote hiyo mtu yeyote mwenye simu ameweza kuamka asubuhi akawa dalali, bila leseni wala dhamana. Kenya wanayo Sheria ya Mawakala wa Nyumba, Sura ya 533, inayotaka wakala asajiliwe. Haijaukomesha utapeli Nairobi, lakini aliyeibiwa na wakala aliyesajiliwa ana bodi ya kumshtaki. Wa Dar es Salaam ana jina moja la utani na namba isiyopatikana.

Sasa, dada, dalali na yule mpangaji wakija kesho na laki mbili taslimu, zipokee. Ni fedha zako. Ila karatasi iandike wewe, isiandikwe na mwenyekiti. Andika: "Nimepokea sehemu ya fedha zilizochukuliwa kwangu kwa udanganyifu. Malalamiko yangu polisi yanaendelea." Weka namba ya RB, tarehe na sahihi zao. Wakikataa kusaini maneno hayo, waache waondoke na laki mbili zao, kisha uende kituoni siku hiyo hiyo ukaongeze hilo kwenye maelezo yako.