Shemeji, Siga Zake na Joto la Dar

Haya wadogo zangu, leo nina swali la mwenzenu wa Dar. Mumewe alirudi safari na kisanduku cha mbao kilichojaa siga, zile sigara nene za majani matupu ya tumbaku. Kisanduku kikapewa heshima yake sebuleni, juu ya friji. Sasa siga mbili zimeonekana zina matundu kama ya sindano, na chini yake unga wa kahawia. Shemeji anasema zimekauka, kwa hiyo anaongeza maji.

Mdogo wangu, mnyang'anye hiyo chupa ya maji. Hapo kuna mdudu. Ni kidudu cha kahawia cha milimita mbili au tatu, ambaye hula pia pilipili kavu, tangawizi kavu na hata unga wako wa ngano, kwa hiyo usimwone kuwa ni tatizo la shemeji peke yake. Mayai yake huja yamo ndani ya tumbaku, na kwa macho huyaoni. Penye ubaridi hutulia tu. Joto likishapita nyuzi 22 au zaidi kidogo huanza kuanguliwa, funza wanatafuna kwa ndani, na aliyekomaa hutoboa akatoka. Ndiyo maana watunzaji wa siga hulenga nyuzi 18 hadi 21. Dar mwezi wa pili mchana unafika 32, na usiku wenyewe unajua tunavyogeuza mito. Kisanduku cha mbao hakina mashine ya kupooza. Joto la chumba ndilo joto lake.

Zenye matundu, tupa. Zilizobaki zifunge kwenye mifuko miwili ya plastiki isiyopitisha hewa, la sivyo zitanuka samaki. Ziweke kwenye friji siku moja, kisha friza, nyuzi 18 chini ya sifuri, siku tatu au zaidi. Zikitoka zirudi friji siku moja nyingine ndipo zije mezani. Asiharakishe hapa, maana jani la nje hupasuka likibadilishiwa joto ghafla. Kisanduku chenyewe kikung'ute, ukifute kwa kitambaa kikavu. Sabuni hapana! Mbao zile hushika harufu na hazisahau.

Halafu kihame. Juu ya friji ni pabaya kuliko pote, maana friji hutupa joto lake nje. Kiweke chini kabisa ndani ya kabati, mbali na ukuta unaopigwa na jua la jioni, na kama chumbani mna AC, huko ndiko kwao. Umeme ukikatika, kitie ndani ya deli lenye mfuniko unaobana. Deli halitakipoza, ila litachelewesha joto. Shemeji mwenye uwezo anunue kifriji cha mvinyo akiweke nyuzi 18. Friji la mboga ni baridi mno na hukausha.

Kuhusu unyevu, vitabu vingi husema asilimia 70. Kwa joto letu mimi ningeshusha hadi 65, kwa sababu joto na unyevu vikikutana ukungu hauombi ruhusa. Kipimo cha unyevu kijaribuni kwanza: chumvi kwenye kizibo cha chupa, matone ya maji hadi iwe kama uji mzito, vifungeni pamoja ndani ya mfuko siku nzima. Kinatakiwa kisome 75. Kikisoma 80, jueni kinazidisha tano. Na maji ya kuongeza, siku yatakapohitajika, yawe yaliyochemshwa hadi yakawa mvuke na kukusanywa tena, yale ya betri yasiyo na tindikali, maana ya bomba yana chumvichumvi.

Kama nyumba haina AC, mwambie shemeji aache kununua sanduku zima. Anunue tano, azimalize upesi, na azivutie nje barazani, mbali na watoto.