Harusi za kifalme na mchumba asiyezitaka

Barua ya wiki hii imetoka Muheza, mkoani Tanga, kwa mwalimu wa shule ya msingi anayetarajia kuolewa Desemba. Tangu utotoni anapenda habari za mabinti wa kifalme. Ana sanduku la picha alizokata magazetini, na anaikumbuka ile Ijumaa ya tarehe 29 Aprili 2011, alivyokaa sebuleni kwa jirani saa saba mchana akimtazama Kate Middleton akiingia Westminster Abbey. Sasa anataka gauni lenye mkia mrefu. Mchumba wake anasema huo ni utoto, tena ni kasumba ya kikoloni, na ameyasema hayo mbele ya kamati ya harusi. Mwalimu anauliza kama kweli ana kasoro.

Hana. Watu wanaokadiriwa kufika milioni 750 walimtazama Diana akiolewa na Charles katika Kanisa Kuu la St Paul's, London, tarehe 29 Julai 1981, na umati huo haukuwa wa watoto. Mama wa Muheza anayesimama dirishani kumchungulia bibi harusi wa mtaa wa pili anasukumwa na hamu hiyohiyo: kuona ushonaji mzuri, kujua nani ni nani katika ukoo, kumtazama msichana akihama nyumba moja kwenda nyingine.

Shida ya sanduku la mwalimu ni kwamba picha zake nyingi zinaishia kwenye ngazi za kanisa. Mkia wa gauni la Diana ulikuwa na urefu wa mita saba na nusu hivi. Ulibanwa ndani ya gari la farasi alimokaa na baba yake, ukatoka na makunyanzi yaliyoonekana dunia nzima. Bibi harusi alikuwa na miaka 20, na kabla ya hapo alikuwa msaidizi katika shule ya chekechea. Mwaka 1992 kutengana kwao kulitangazwa, na mwaka 1996 wakapeana talaka. Januari 1997 alikuwa Angola, amevaa kinga ya kifua, akipita katika eneo lililotegwa mabomu ya ardhini. Juni mwaka huohuo magauni yake 79 yalipigwa mnada New York, fedha zikaenda kusaidia wagonjwa wa UKIMWI na saratani. Agosti akafariki Paris. Miezi hiyo ya mwisho inamweleza Diana kuliko gauni lake la harusi, nayo ingestahili nafasi sandukuni.

Mchumba naye ana hoja, na mwalimu asiipuuze. Elizabeth alipoolewa Novemba 1947, zawadi ya harusi kutoka koloni la Kenya ilikuwa nyumba ya Sagana, chini ya Mlima Kenya. Alikuwa hapo Februari 1952 alipoletewa habari kwamba baba yake amefariki na yeye sasa ni malkia. Oktoba mwaka huohuo hali ya hatari ikatangazwa Kenya, na baada yake maelfu ya Wakikuyu waliokuwa wakidai ardhi yao wakaswekwa kambini. Anayezipenda harusi hizi anapaswa kulijua na hilo.

Lakini kuna jambo ambalo huenda mchumba halijui. Shela alilovaa Meghan Markle huko Windsor tarehe 19 Mei 2018 lilikuwa na urefu wa mita tano, limetariziwa maua ya nchi 53 za Jumuiya ya Madola. Mafundi walinawa mikono kila nusu saa ili uzi usichafuke. Ua la Tanzania lilikuwa Saintpaulia, lile la rangi ya zambarau linaloota kwenye miamba yenye kivuli katika misitu ya Usambara, hukohuko Muheza.

Na kama anadhani ufalme ni mambo ya Ulaya tu, wasome pamoja maisha ya Sayyida Salme, binti wa Sultani Seyyid Said, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844. Wasichana wa jumba lao walifundishwa kusoma tu, hivyo alijifundisha kuandika kwa siri, akinakili herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia. Mwaka 1866 alitoroka kwa meli ya kivita ya Waingereza, akiwa na mimba ya mfanyabiashara wa Kijerumani, Heinrich Ruete. Harusi yake haikuwa na mkia wala umati. Mei 1867, huko Aden, alibatizwa, akafunga ndoa, safari ya Ujerumani ikaanza. Miaka mitatu baadaye mumewe akafa kwa ajali ya tramu, naye akabaki Hamburg na watoto watatu. Kitabu cha kumbukumbu zake kilitoka mwaka 1886. Alipofariki mwaka 1924 alizikwa na mchanga wa Zanzibar aliokuwa ameutunza.

Kuhusu gauni, mkia si dhambi. Hata Elizabeth alishonewa lake kwa kuponi za mgawo, maana Uingereza ilikuwa bado imejifunga mkanda baada ya vita. Wanawake waliomtumia kuponi zao walirudishiwa kwa kuwa sheria haikuruhusu kupeana. Mwalimu anaweza kukodi gauni, au fundi akamshonea mkia wa kufungua kwa vifungo baada ya kutoka kanisani. Asichopaswa kufanya ni kuwapandishia ndugu kima cha mchango kwa ajili hiyo.

Kinachotia wasiwasi zaidi ni ile kauli ya mbele ya kamati. Mwanamume anaweza kutozipenda harusi za kifalme na bado akawa mume mwema, lakini kumwaibisha mchumba wake hadharani ni jambo jingine kabisa. Mwalimu na amweleze faraghani kwamba aliumia, kisha amsikilize anavyojibu. Akiomba radhi, wakae wapange bajeti. Akicheka tena, mwalimu alipeleke suala hilo kwa mshenga kabla kadi za michango hazijachapwa, na harusi ya Desemba isubiri.