SOMO: Jambo Hili ni la Wizara Gani?

Ndugu mkazi wa Kata ya Kanoni, fikiria mvua ya masika imenyesha usiku kucha. Kulipokucha, kalavati limezolewa, nguzo ya umeme imelala shambani, na kijito mnachoteka maji kimejaa tope. Wa kumwendea ni nani? Ukijibu "Serikali," hukukosea, ila jibu hilo ni pana mno. Lalamiko lililofikishwa mlango usio wake huzunguka ofisi kwa ofisi, na wakati huo kahawa inabaki ghalani na mgonjwa hafiki zahanati.

Zipo nchi zilizoweka mambo haya chini ya paa moja. Uswisi ina idara moja ya kitaifa inayosimamia mazingira, uchukuzi, nishati na mawasiliano. Tanzania imeyagawa, na mgawanyo huo ndio somo letu.

1. Barabara na usafiri

Barabara kuu na za mkoa husimamiwa na Wakala wa Barabara (TANROADS), chini ya Wizara ya Ujenzi. Barabara za wilaya, zikiwamo nyingi zinazoingia vijijini, ni za Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA), ulioanzishwa mwaka 2017 chini ya Ofisi ya Rais, TAMISEMI. Kwa hiyo, kabla ya kulalamika, uliza kwanza barabara hiyo ni ya daraja gani. Nauli za mabasi ni jambo jingine: hudhibitiwa na LATRA, chini ya Wizara ya Uchukuzi.

2. Umeme

Wizara ya Nishati ndiyo yenye sera. Wakala wa Nishati Vijijini (REA), uliotokana na sheria ya mwaka 2005, hufadhili ufikishaji wa umeme vijijini. TANESCO huunganisha wateja na kutengeneza hitilafu. Miradi mikubwa nayo ni ya ngazi ya taifa: umeme wa maporomoko ya Rusumo, megawati 80, hugawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Nguzo ikianguka, usiisogelee wala usiguse waya. Zuia watoto na mifugo, kisha iarifu TANESCO. Usiporidhika na huduma yao, rufaa yako ni EWURA.

3. Mazingira

Mazingira yako chini ya Ofisi ya Makamu wa Rais, na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) ndilo linalosimamia utekelezaji. Hata hivyo, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 haikuliacha jukumu hili juu peke yake. Inataka halmashauri iwe na ofisa wa mazingira, na inazipa kamati za vijiji kazi ya kulinda mazingira ya eneo lao. Sheria hiyo hiyo inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au ziwa.

Mambo matatu, mteremko mmoja

Turudi kwenye asubuhi ile. Miti ya kilimani ilikatwa, na shamba likalimwa hadi ukingoni mwa kijito. Maji yakakosa kizuizi, yakashuka na udongo, yakaziba kalavati, yakakata barabara na kulegeza shina la nguzo. Wizara ni tofauti. Chanzo ni kimoja. TARURA ikijenga kalavati jipya huku kilima kikiachwa uchi, masika yajayo yatalizoa tena.

Mahali pa kuyaunganisha mambo haya ni kijijini kwenu. Mweleze mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji, utaje mahali, tarehe na madhara. Lisemeeni katika mkutano mkuu wa kijiji, nanyi mhakikishe limeandikwa katika muhtasari, kisha lifike Kamati ya Maendeleo ya Kata. Lililoandikwa linaweza kufuatiliwa; lililosemwa njiani huishia njiani.

Maswali ya kujipima

1. Barabara inayopita karibu na kwako ni ya TANROADS au ya TARURA?
2. Je, unawafahamu wajumbe wa kamati ya kijiji chako inayoshughulikia mazingira?
3. Shamba lako liko umbali gani kutoka ukingo wa mto?

Asiyejua jibu aulize katika mkutano ujao. Kuuliza si ujinga.