SOMO KWA WANACHAMA: KUCHAGUA UKAGUZI UFAAO KABLA YA KUNUNUA NYUMBA



Katika Masasi na Newala fedha za korosho humfikia mkulima kati ya Oktoba na Januari, aghalabu kwa mkupuo. Ndizo zisomeshazo watoto, na ndizo zinunuazo nyumba. Kwa sababu hiyo mauzo mengi ya nyumba hufanyika katika majuma machache, muuzaji akiwa na shida na mnunuzi akihofu kwamba fedha zitatawanyika. Tena hufanyika kabla mvua hazijashika, wakati paa bovu halivuji na korongo ni kavu. Mavuno ya misimu mitatu yaweza kupotea kwa sahihi moja.

Mnunuzi mwangalifu husema, "Nyumba hii imekaguliwa." Lakini imekaguliwa kwa habari gani? Neno hilo hufunika kazi nne zilizo mbalimbali, na kila moja hujibu swali lake tu. Kusudi la somo hili ni kuzitenganisha, ili mwanachama ajue ni ipi anayoihitaji.

1. UPEKUZI WA HAKI: NYUMBA NI YA NANI?

Kazi hii hutangulia zote, kwani nyumba imara iliyouzwa na asiye mwenyewe haina faida kwa mnunuzi.

Ikiwa kiwanja kina hati miliki, upekuzi rasmi huombwa kwa Msajili wa Hati. Majibu yake huonyesha jina la mmiliki, na kama ipo rehani au zuio. Omba pia kuona stakabadhi za kodi ya pango la ardhi, maana deni lisilolipwa halina budi kusafishwa kabla ya uhamisho.

Ikiwa nyumba imo katika ardhi ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 ndiyo itawalayo. Uhamisho wa haki ya kimila huhitaji idhini ya halmashauri ya kijiji. Muhuri wa mwenyekiti peke yake si idhini ya kikao. Takeni nakala ya muhtasari. Mjini nako, muhuri wa serikali ya mtaa ni ushahidi kwamba watu wameuziana, wala si hati.

Kwetu kuna maswali matatu ambayo karatasi hazijibu:

(a) Ukoo. Kwa desturi ya Wamakonde, Wamakua na Wayao, urithi ulifuata upande wa mama, na mjomba na wapwa walikuwa na neno juu ya ardhi. Waulizwe kabla ya malipo. Ikiwa mwenye nyumba amefariki, muuzaji halali ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama.

(b) Ndoa. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinamzuia mwenye ndoa kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Ridhaa hiyo iandikwe na kutiwa sahihi.

(c) Mahame. Wakati wa Operesheni Vijiji watu walihamishwa na kugawiwa viwanja vipya. Sheria ya 1999 ilithibitisha ugawaji uliofanywa vijijini kati ya tarehe 1 Januari 1970 na 31 Desemba 1977. Hata hivyo madai ya zamani bado huzuka, na wazee wa jirani ndio wajuao historia ya mahali.

2. UPIMAJI: MIPAKA IKO WAPI?

Mpima ardhi hutafuta mawe ya mpaka, huyalinganisha na ramani ya upimaji iliyoidhinishwa, na kueleza kama nyumba, choo na kisima vimo ndani. Kazi hii ni ya lazima pale kiwanja kinapokatwa kutoka shamba kubwa, mawe yanapokuwa hayaonekani, au ukuta wa jirani unapokuwa karibu mno. Hatua za miguu na mstari wa minyaa haviwezi kushika nafasi yake mjini. Katika ardhi ya kijiji isiyopimwa, zungukeni mpaka pamoja na majirani wote na mjumbe wa halmashauri ya kijiji, kisha mwandike makubaliano.

Msisahau mikorosho. Mara nyingi aliyeupanda mti huhesabiwa kuwa mwenye mti, hata kama ardhi ni ya mwingine. Andikeni idadi ya miti na mwenyewe ni nani.

3. UKAGUZI WA JENGO: LIKO KATIKA HALI GANI?

Hapa ndipo wanunuzi wengi hubana matumizi, na hapa ndipo hasara hujificha chini ya rangi mpya. Kwa nyumba ndogo ya kawaida, fundi mwashi na fundi seremala wenye uzoefu, wasio na udugu na muuzaji, watatosha. Kwa nyumba ya ghorofa, ghala, jengo la zamani, au ukuta wenye nyufa kubwa, mwiteni mhandisi aliyesajiliwa.

Mambo ya kuangaliwa ni haya:

Nyufa. Ufa mwembamba wa lipu si hatari. Ufa upitao ukuta mzima na kupanuka kadiri uendavyo juu ni dalili kwamba msingi unashuka. Mchanga wa uwanda wa Makonde hukokotwa upesi na maji yanayomwagika kutoka paani, msingi ukabaki wazi.

Mchwa. Chomeni miimo ya milango na kenchi kwa bisibisi. Mbao nzima hukataa, iliyoliwa hupokea.

Maji ya mvua. Masasi ina majabali makubwa ya mawe, na mvua ikinyesha maji hushuka kwa kasi kwenye viwanja vya chini. Newala kuna kingo za uwanda na makorongo yanayokula ardhi mwaka hadi mwaka. Waulizeni majirani maji hupita wapi mwezi wa Februari.

Maji ya kunywa. Juu ya uwanda maji ni haba, na tangi la kuvunia mvua ni sehemu kubwa ya thamani ya nyumba. Tieni alama pale maji yalipofika, kisha mrudi kesho yake. Yakishuka bila kutumiwa, tangi linavuja.

4. UTHAMINI: BEI NI HALALI?

Mthamini aliyesajiliwa kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2016 hukadiria thamani. Benki huhitaji kazi yake kabla ya kukopesha. Lakini mtu asidanganyike: uthamini wa benki humlinda mkopeshaji, wala haupimi mchwa wala kutafuta mawe ya mpaka. Kosa hili si letu peke yetu. Uingereza, ambako mnunuzi huchagua miongoni mwa ngazi tatu za ukaguzi wa nyumba, wapo wadhanio kwamba taarifa ya mkopeshaji inatosha.

JINSI YA KUCHAGUA

Upekuzi wa haki ufanyike daima. Nyumba mpya katika kiwanja kilichopimwa, mawe yakionekana: ongezeni ukaguzi wa fundi. Nyumba ya zamani, au iliyo mtelemkoni: fundi hatoshi, aje mhandisi. Kiwanja kilichomegwa: mpima atangulie fundi, kwa maana haifai kulipia ukaguzi wa jengo lililosimama katika ardhi ya mwingine. Mkopo: uthamini uwe nyongeza, usiwe badala.

Mkaguzi alipwe na mnunuzi, atoe taarifa kwa maandishi, na malipo yake yasitegemee kufanyika kwa mauzo. Anayelipwa tu pale mnunuzi anaponunua hataona ufa.

Chama kinaponunua jengo la ofisi au ghala, kazi zote nne zifanyike, na taarifa zisomwe mbele ya mkutano mkuu kabla ya malipo ya kwanza. Fedha ni za wanachama, na mali bila daftari hupotea bila habari.

Muuzaji akisema hawezi kungoja majuma mawili, mwambieni kwa heshima kwamba nyumba itakaa miaka arobaini.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

1. Katika kijiji chetu, nani wahojiwe kabla ya kununua nyumba ya marehemu?
2. Kwa nini uthamini wa benki hautoshi?
3. Taja nyumba tatu za aina mbalimbali zilizo karibu nawe. Kila moja ingehitaji ukaguzi upi kwanza, na kwa sababu gani?