Tabora–Dar: Ndege Saa Moja na Nusu, Nyumbani Saa Ngapi?

Uko Kipalapala, simu inaita usiku. Babu amefariki Dar, mazishi kesho saa 7 mchana. Shangazi anauliza, "Mwanangu, tukusubiri?" Tiketi ya ndege ya saa 4 asubuhi umeshapata, unamjibu, "Ndege ni saa moja na nusu tu, shangazi. Saa 5 na nusu nimefika." Hapo umeshakosea. Tupige hesabu.

Kwanza umbali. Kutoka Tabora hadi Dar kuna tofauti ya digrii 6.4 za longitudo na 1.8 za latitudo. Kwa huku kwetu karibu na ikweta, digrii moja ni kama kilomita 110. Unapata kilomita 700 kuelekea mashariki na 200 kuelekea kusini. Tumia Pithagorasi wa sekondari: jibu ni karibu kilomita 730 za angani. Reli ya Kati, ambayo lazima ipinde, ni kama 840.

Sasa muda. Ndege ya mapangaboi ikienda kilomita 600 kwa saa, 730 inazimaliza kwa saa 1 na dakika 13. Ongeza kupaa na kutua, ndiyo hiyo saa moja na nusu.

Lakini huo ni muda wa ndege, si wako. Wa kwako tuseme hivi: bodaboda hadi uwanjani dakika 40, kuwahi ukaguzi saa 2, kuruka saa 1 na nusu, kusubiri begi dakika 30, foleni ya Dar saa 1 na nusu. Jumla saa 6 na dakika 10. Umetoka saa 1:20 asubuhi, mlangoni unafika saa 7 na nusu. Babu ameshazikwa.

Misafara ya zamani inatufundisha hilohilo. Burton na Speke waliondoka Kaole, jirani na Bagamoyo, tarehe 27 Juni 1857, wakaingia Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba: siku 134. Burton alikadiria njia ile kuwa maili 600, kama kilomita 965. Gawanya, unapata kilomita 7 kwa siku. Jamani, mpagazi alikuwa mvivu hivyo? Hata kidogo. Siku ya kutembea walikwenda zaidi ya hapo, tena na mzigo. Siku nyingine ziliishia kambini: kutafuta chakula, kujadiliana hongo, kuuguza wagonjwa. Muda uliliwa na vituo, si na miguu.

Kwa hiyo ukiulizwa utafika lini, usitaje muda wa chombo. Hesabu mlango kwa mlango, kituo kwa kituo. Mwambie shangazi ukweli usiku huohuo: "Saa 7 na nusu, nikichelewa saa 8." Wazee wakijua mapema, kusogeza mazishi hadi saa 9 si kazi ngumu. Wakijua watu wakiwa tayari makaburini, hawatakusubiri.